Wa Saba kwa Nafasi Moja

Tangazo la nafasi ya Mhadhiri Msaidizi wa Kiswahili nilitumiwa na shangazi, nikatumiwa na mjomba aliyeko Tanga, na hatimaye na mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu, ambaye hata sikujua kwamba ana namba yangu. Kila mmoja aliandika, "Hii ni yako kabisa." Hakuna aliyefika palipoandikwa kwamba nafasi yenyewe ni moja.

Masharti ya juu hayakunitisha. GPA isipungue 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, kati ya 5: ninayo, kwa kubanana, lakini ninayo. Umri usizidi miaka 45: bado. Balaa lilijificha chini, penye vyeti.

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema mimi ni binti Khamis. Cha kidato cha nne kinasema Hamisi. Chuo, kwa kupenda usuluhishi, kikaandika Hamis. Kwa mujibu wa makaratasi, aliyezaliwa ni mmoja, aliyefaulu ni mwingine, na aliyehitimu hatumjui. Ikabidi baba aulizwe. Akavaa miwani, akavikagua vyote vitatu, akatamka kwamba vyote vimekosea: yeye ni Khamisi.

Nikaenda kwa wakili kuapa kwamba watu wote hao ni mimi. Nimewahi kutetea tasnifu mbele ya jopo la maprofesa, na sikutoka jasho kama siku ile. Kisha akagonga muhuri nakala za vyeti. Wino ulikuwa unaishia, kwa hiyo cheti changu cha kidato cha sita kimethibitishwa na nusu ya wakili. Malipo alipokea kamili.

Barua iliandikwa kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, kwenye majengo yenye jina la Dkt. Asha-Rose Migiro. Mama huyo alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa waziri, kisha Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 2007 hadi 2012. Sijui nakala za vyeti vyake aligongewa wapi, ningependa kujua. Shangazi alinihimiza niandike kwa Kiingereza, waone nimesoma. Nikamkumbusha kwamba naomba kufundisha Kiswahili. "Ndiyo maana," akasema, "wasije wakadhani hicho ndicho pekee unachokijua."

Wadhamini walitakiwa watatu. Wawili hawakusumbua. Wa tatu, profesa wangu wa zamani, akaniambia, "Mwanangu, andika mwenyewe, mimi nitasaini." Kujisifu kwa jina la mtu mwingine ni kazi: ukipunguza unajiharibia, ukizidisha na yeye atasoma. Nikajiita hodari, mbunifu na mwenye nidhamu ya hali ya juu. Rasimu ikarudi. "Hodari" limesalimika, "mbunifu" limepigwa mstari, na penye "ya hali ya juu" pameandikwa "ya kuridhisha". Nikaketi nikachapa upya, kwa vidole vyangu mwenyewe, kwamba nidhamu yangu inaridhisha.

Kukabaki kuskani. Mfumo wa kupokea maombi unataka PDF isiyozidi MB 2. Yangu ikatoka na MB 14. Kijana wa duka la steshenari akawa anaipunguza huku akiusoma wasifu wangu taratibu, kama mshenga anayechunguza ukoo.

"Dada, wewe ni wa saba leo kwa nafasi hii hii," akasema. "Kuna mmoja kapita asubuhi, ana 4.6. Ila hana chapisho hata moja. Wewe unalo. Si haba."

Akanishauri uzoefu wa kufundisha uje ukurasa wa kwanza. Akaniambia nifute penye mambo niyapendayo, maana kusoma vitabu wameandika wote, hata yule wa 4.6. Kila alichosema kilikuwa cha mtu anayejua. Nikamuuliza amesomea nini.

"Kiswahili," akajibu, macho kwenye skrini. "Uzamili nimemaliza juzi juzi tu."

Nikamuuliza GPA yake ni ngapi. Akachomoa flashi yangu, akaifuta vumbi kwa ncha ya shati, akaniambia ni elfu tatu na mia tano, na kopi za rangi hazimo.