Nauli! Njia! Niwasapu!

Mimi nilisomeshwa kwamba jina ni jina na kitenzi ni kitenzi. Siku hizi vitenzi vimekwenda likizo, majina ndiyo yanayotuamrisha.

Asubuhi natoka zangu Mkunazini kufuata mkate, uchochoro wenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Mara nyuma yangu: "Njiaaa!" Hamali na rikwama lake la viazi. Njia niijuayo mimi ni ya kupita mtu. Hii maana yake nijibandike ukutani kama mjusi kafiri. Nikachelewa kidogo, akaongeza: "Mzee, miguu!" Miguu ninayo, kwani imefanya nini?

Darajani nikapanda daladala. Hata sijakaa, konda ananichezea sarafu sikioni: "Nauli!" Hakuna "lete", hakuna "naomba". Nauli tu, kama ndilo jina nililopewa na mama. Na ukienda bandarini Malindi, mlangoni wanakupokea kwa "Tiketi! Kitambulisho!", utadhani wanaita mahudhurio.

Nyumbani nilitaraji adabu. Mjukuu wangu akanyanyua simu: "Babu, niwasapu ile picha."

Niwasapu! "Nibipu" nilishaimeza zamani, "igugo" ikanikwama kooni, lakini hii nikaikataa. Nikamkalisha barazani, nikamkumbusha kwamba Kiunguja, lugha ya bibi zake, ndicho kilichochaguliwa kule Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. "Jina halivishwi kiambishi likageuka amri!"

Darsa halijaisha, hodi mlangoni. Wageni wetu wa Pemba. Nikapaza sauti: "Karibuni, karibuni!"

Mtoto akanikazia macho. "Babu, karibu si maana yake si mbali? Sasa hiyo -ni umeitoa wapi?"

Nikakohoa. Neno lenyewe tumelichukua kwa Waarabu, na kwao ni sifa tu ya kilicho jirani. Sisi tukalibandika -ni ile ile ya "njooni" na "leteni", likawa amri ya watu kuingia ndani na kula. Wageni walipoondoka nikajisikia kwa masikio yangu nikiwaambia: "Haya, kwaherini!" Mjukuu akacheka mpaka akakaa chini.

Ile picha nikamwasapu.

Nawe msomaji, ukipita barazani kwangu, karibu. Ukija kunisahihisha, kwaheri.