Acheni Nimsifu xrandr

Watu wa Kasingirima, hapa Ujiji, husifu vinavyosifika: mgebuka wa kuchoma, mawese mapya, bibi harusi. Mimi leo namsifu asiyesifiwa na yeyote, amri ya kompyuta iitwayo xrandr, na wanaonifahamu wasidhani nimelishwa kitu.

Mheshimiwa huyu anaishi kwenye kompyuta za Linux, ndani ya lile dirisha jeusi la maandishi ambalo mteja wa steshenari akiliona huuliza kama mashine imeingia virusi. Hana picha, hana kitufe. Unaandika jina lake, herufi sita zisizotamkika kwa kinywa cha muungwana, unabonyeza Enter, na anamwaga yote. Ni mzee wa Ujiji uliyemuuliza njia ya sokoni, naye akaanzia kwenye ukoo. Atakutajia kwanza mipaka ya eneo zima la picha, dogo kabisa na kubwa kabisa. Atafuatisha matundu ya nyuma ya mashine kwa majina, VGA-1, HDMI-1, lipi limechomekwa na lipi tupu. Kisha vipimo vya kioo kwa milimita, kisha saizi zote za picha: penye nyota ndipo ulipo sasa, penye alama ya kujumlisha ndipo kioo chenyewe kinapopapenda. Ulitaka kujua jambo moja. Ukarimu gani unaoshinda huo?

Wabaya wake husema ana kisirani, heri ule ukurasa wa mipangilio wenye vitufe vya kupendeza. Kweli unapendeza, na usichokijua unakuficha. Kila monita ya kisasa hubeba kitambulisho kiitwacho EDID, kilichowekwa mwaka 1994, msingi wake baiti 128 tu: herufi tatu za kiwanda, ukubwa wa kioo, picha kinazozimudu. Kwenye waya wa VGA wenye pini 15, habari hizo hupita pini ya 12 na ya 15. Waya wa bei chee, au uliochomekwa kwa ubabe hadi pini ikalala, huifanya monita kuwa bubu. Picha bado inakuja, na hapo ndipo penye hila. Kompyuta haijui tu inaongea na nani. Basi inakisia, mara nyingi 1024 kwa 768. Stanley naye alikisia hapa hapa Ujiji mwaka 1871, ila yeye alikuwa na Mzungu mmoja tu wa kumkisia.

Peleka kisio hilo kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea filamu, monita ikiwa ile pana ya 1440 kwa 900. Picha inavutwa pembeni. Mpiga karate anaota kitambi, tairi za gari zinakuwa mayai, na kiingilio hakipungui. Mwenye banda anaipiga monita kofi. Ukurasa wa mipangilio unatabasamu kwamba mambo ni shwari. xrandr peke yake anakwambia usoni kwamba kioo chako kina milimita 0 kwa 0. Ni tusi, na ni utambuzi sahihi wa ugonjwa: kitambulisho hakijafika, kaangalie waya.

Huna waya mwingine? Atakusaidia, ila si kwa kubembelezwa. Nenda kwanza kwa jirani yake, cvt, umtajie 1440 na 900, akupe hesabu: 106.50 1440 1528 1672 1904 900 903 909 934, na vikorombwezo viwili mwishoni. Rudi nayo kwa xrandr, uiandikishe kwa --newmode, uikabidhi kwa tundu lake kwa --addmode, ndipo uamuru kwa --output na --mode. Kosea tarakimu na kioo kinaweza kuzimika, uachwe ukipapasa kibodi gizani. Vijana wa leo unyenyekevu wataupata wapi kwingine? Tena ukimwomba cvt 1366 kwa 768 anakupa 1368, kwa sababu hesabu zake huenda kwa nane nane. Pikseli mbili za nyongeza, bila kuombwa! Nitajieni muuza dagaa mwenye moyo huo.

Wanamlaumu pia kwa usahaulifu. Umeme ukikatika, ukirudi hakumbuki hata herufi ya uliyomwagiza. Mimi naona huruma ndani yake: makosa yako ya jana nayo yamefutwa. Na fundi anapata safari ya kuja tena. Mafundi wanajua kwamba mistari ile ikiandikwa kwenye faili la .xprofile itajirudia yenyewe kila ukiingia. Kwa nini hawakwambii, waulize wao.

Jim Gettys na Keith Packard, walioueleza mwaka 2001 mpango anaoutumikia xrandr, walimpa pia uwezo wa kuigeuza picha. Neno --rotate inverted liliwafaa wenye projekta zinazoning'inia darini. Vijana wetu wamelipatia kazi nyingine, kwenye mashine ya mwenzao aliyeinuka kwenda kuswali Alasiri. Arudipo kila kitu kiko miguu juu, hata mshale wa kipanya unakwenda kinyume. Dawa ni --rotate normal, ataiandika akiwa amepinda shingo, akisoma mistari inayoanzia kulia, jambo ambalo mtoto wa madrasa hana haki ya kulilalamikia.