Kichwa Kimoja, Wakubwa Wawili

Kama una binti wa shule ya msingi hapa Nairobi, na Jumamosi anakwenda baleti, pokea pole zangu. Tunatumikia wakubwa wawili, na ugomvi wao wameuhamishia kwenye kichwa cha mtoto. Shule ya Jumatatu hadi Ijumaa inataka nywele fupi, za kuchana na kwenda. Shule ya Jumamosi inataka shungi la kisogoni, la duara, lisilo na unywele hata mmoja uliochomoza. Sasa shungi hilo nilifunge kwa nywele za nani? Mimi mwenyewe nina upara.

Nilimweleza mwalimu wa baleti shida yangu. Ni mama mpole, ila mgongo wake haupindi na kanuni zake hazipindi. "Baba, kuna mashungi ya bandia," akanijibu. Basi tukaenda kwa msusi wa mtaani. Alichukua nywele zile zile anazosukia rasta, akazizungusha, akavisha wavu, akapaka jeli na kubana pini mpaka mtoto akawa anakodoa macho bila kupenda. Ghali, lakini lilipendeza. Somo lilipoanza, mtoto aliruka vizuri, akatua vizuri, shungi likaendelea na safari. Lilibiringika hadi miguuni mwa wenzake, na mmoja akapiga ukemi akidhani ni panya. Pini hazina pa kushika, ndugu zangu. Huwezi kutundika koti kwenye ukuta usio na msumari.

Karatasi ya kanuni za wasichana imejaa juu hadi chini. Kucha zisipakwe rangi. Bangili hapana, saa hapana, hereni za kuning'inia hapana. Sweta ni la kupashia mwili moto tu, kisha livuliwe. Ya wavulana ni mstari mmoja: fulana nyeupe, kaptula nyeusi, soksi nyeupe, nywele fupi. Nywele fupi! Yaani kichwa ambacho mwanangu tayari anacho, bure kabisa, kimewekwa upande wa wavulana.

Halafu viatu. Unanunua kiatu laini cha ngozi kwa bei ya kiatu kamili, unafika nyumbani, unakuta mpira wa kushikilia mguu umo ndani ya mfuko, haujashonwa. Fundi ni wewe. Unakunja kisigino ndani ili upate alama, unashona pembeni, na ole wako sindano itoboe kile kijikamba kinachozunguka mdomo wa kiatu, maana hakitavutika tena. Baada ya kufunga, ncha zake zifichwe ndani. Mwalimu akiona kamba inaning'inia anamtazama mzazi, hamtazami mtoto.

Sikatai kila kitu. Nguo ya kubana naielewa: mwalimu lazima aone goti limenyooka au limepinda, na kwenye gauni la marinda hataona kitu. Nywele ndefu nazo zikipigapiga uso mtoto anapozunguka, ataanguka. Hayo yana akili.

Lililonishinda ni soksi ndefu. Karatasi inasema ziwe "rangi ya mwili", na dukani rangi ya mwili ni waridi. Tulizilinganisha na mikono ya nyumba nzima: wangu, wa mama watoto, wa nyanya aliyekuja kututembelea. Hakuna aliyekaribia. Nyanya akauliza huo mwili ni wa nani na kama anaumwa.

Na si kwamba jambo hili halina dawa. Dance Theatre of Harlem, kundi lililoanzishwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell na Karel Shook, limekuwa likiwavalisha wachezaji wake soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao tangu 1974. Wachezaji weusi wengi walikuwa wakinunua viatu vya waridi na kuvipaka poda ya uso, kiatu baada ya kiatu. Mwaka 2018 kampuni ya Freed ya London ikaanza kuuza viatu vya rangi ya kahawia vya kuchezea kwa ncha za vidole, ikishirikiana na kundi la Ballet Black. Barua ingetoka Harlem kwa miguu mwaka 1974, ingekuwa imeshafika Nairobi na kujibiwa.

Binti yangu amenionya nisiseme lolote pale darasani, eti nitamwaibisha. Kwa hiyo nasemea hapa. Mwalimu wa soksi, turuhusu kahawia, tutazitafuta wenyewe. Na wewe pamoja na mwalimu mkuu wa shule ya wiki, tafadhali kutaneni, mkubaliane urefu mmoja wa nywele, mtutumie kwa sentimita. Chai na mandazi ya kikao hicho nitalipa mimi, bado itakuwa nafuu kuliko msusi.