Sifa za Ushuzi wa Githeri

Ushuzi hauna wakili. Ndani ya matatu ya Kayole, mvua inanyesha na madirisha yamefungwa, kila abiria hugeuka hakimu, na mshukiwa wa kwanza ni yule aliyeuliza "nani?" Leo najitolea kuutetea, hasa ule wa githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

Maharagwe yana sukari fulani ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima hadi utumbo mpana, na huko hupokewa na bakteria kwa matrilioni, wapangaji wasiolipa kodi hata shilingi ila ndio wanaolitunza jengo. Wao huzila, huzichachusha, na gesi hutoka. Sisi twaisikia gesi tu, twabana pua. Kumbe katika uchachushaji huo huo hutoka asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, mojawapo butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizo huamsha homoni inayolihimiza kongosho litoe insulini. Na mwaka 2013 uchunguzi wa panya ulionyesha butireti ikizidisha zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine zisimvamie mwenye mwili. Kisukari cha aina ya kwanza ni uvamizi wa namna hiyo: kinga huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kazi nzito hivyo, na tangazo lake ni mlio mmoja, au hata mlio haupo, na huo ndio mkali zaidi.

Na si hewa tu, choo nacho kina sifa zake. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari mpasuaji Mulago, Kampala, hakuona haya kushika mizani. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uzito wa choo: mwanakijiji wa Uganda takriban gramu 470 kwa siku, baharia wa Uingereza kama 104. Ushindi wa kishindo wa chakula chenye nyuzinyuzi, na hakuna aliyetupa kombe.

Wala si habari za kijijini tu. Mwaka 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti wa wanawake zaidi ya 1,800 wa nchi nne za Afrika, wakiwemo wa Nairobi, na humo wakapatikana bakteria ambao sayansi haikuwa nao kwenye daftari. Kina mama wa Korogocho na Viwandani walitoa choo chao. Eastlands, iliyozoea kutajwa kwa jalala la Dandora, iliingia Nature kwa mlango wa nyuma.

Wapinzani watamtaja bakteria Prevotella copri, aliyekutwa kwa wingi New York, mwaka 2013, kwa wagonjwa wapya wa baridi yabisi. Na ukoo wa Prevotella umejaa matumboni mwa Waafrika walao nafaka. Sawa, ukoo mkubwa haukosi mhuni, ingawa kukutwa pale si kuwa na hatia. Watasema pia panya si watu (kuna ploti Huruma ambako panya hawajaambiwa) na kwamba githeri haiponyi kisukari. Kweli kabisa. Anayejidunga insulini aendelee kujidunga.

Wanaonitia wasiwasi ni wale wa chipsi na soda, Umoja hadi Buruburu, wenye hewa safi kupita kiasi. Na wale wanaoloweka maharagwe usiku kucha kisha wakamwaga maji: huko ndiko sukari zetu zinakoishia. Nilimwomba wa kwangu aache kuloweka. Akasema sawa, ila nikalale na soja getini.