Sifa za Mbingu Yenye Ngazi

Kila taifa lina kitu lilichozoea kukisifu. Watu wa pwani wameusifu mnazi na jahazi, hata haukusalia ukuti wala ubao usiotajwa; na Wanyarwanda wamewasifu ng'ombe kwa tungo ndefu ziitwazo amazina y'inka, ambamo pembe ya ng'ombe mmoja hupata heshima ambayo wengi wetu wanadamu hatuipati hata mazikoni. Mimi, mkaazi wa Mbugangari katika mji wa Gisenyi, mtaa ambao jina lake kwa Kinyarwanda ni uwanja mpana ijapokuwa nyumba zake zimebanana kama abiria, sina mnazi, sina jahazi, na kwa ng'ombe similiki hata mkia. Kwa hiyo nimejitwika kazi ya kukisifu kitu kisicho na msifu, kinachotukanwa na kila akionaye: ile mistari ya rangi itokeayo ndani ya miwani ya uhalisia pepe, mahali palipostahili anga laini, ikaikata mbingu matabaka matabaka kama kitunguu kilichopasuliwa.

Nilijuana nayo kwa hisani ya mpwa wangu. Kijana huyo alinunua miwani iliyokwisha kutumiwa, akaweka kiti cha plastiki barazani, kwenye njia ya watu waendao na warudio mpaka wa Goma, mji wa Kongo, kwa kivuko kiitwacho Petite Barrière, akawa anawatoza watoto na wachuuzi faranga 200 kwa safari ya dakika tano. Kompyuta ilikaa chumbani, na picha zikasafiri hewani hadi machoni pa mteja. Safari iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya mlima wa moto wakati wa usiku, ambapo msafiri husimama ukingoni, na wekundu wa lava hupanda mbinguni ukififia taratibu hata ukamezwa na giza. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Kilichoonekana ni duara juu ya duara, kila moja na mpaka wake, mithili ya mashamba ya ndugu waliogombania urithi. Mama mmoja muuza ndizi kutoka Goma, baada ya kulitua beseni lake na kulipa, aliivua miwani akamtazama mpwa wangu kwa huruma, akamwambia: "Mutoto wangu, mbingu yako iko na viraka."

Mwenye kusifiwa kwanza huulizwa nasaba, na nasaba ya mistari hii si ya kuonea haya. Baba yake ni hesabu. Kioo cha kawaida huipa kila rangi katika zile tatu za asili, nyekundu, kijani na buluu, biti 8, maana yake daraja 256 na si moja zaidi. Na daraja hizo zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe huzaa rangi 16,777,216, utajiri ambao mtu angedhani hauwezi kumwishia hata mchoraji mwenye israfu. Walakini usiku humfilisi hata tajiri. Anga lililokwisha kuingia gizani huenda likatumia daraja 20 tu katika zile 256, na wekundu wa lava, kwa kuwa ni mwekundu mtupu, hauna kijani wala buluu ya kuikopa. Basi daraja hizo 20 zikitandazwa juu ya upeo wa nyuzi 90, kila moja hupata upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa. Kitu cha upana huo hakifichiki, seuze kioo kikiwa kimesogezwa mbele ya uso, kikakuzwa kwa lenzi, na nuru yote ya nje ikazuiwa hata mboni ikapanuka kutafuta chochote cha kuona.

Na mama yake ni jicho lenyewe. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, alieleza mwaka 1865 kwamba penye mpaka wa vivuli viwili jicho huizidisha tofauti, likauona upande wa nuru kuwa na nuru zaidi, na upande wa giza kuwa na giza zaidi, kuliko ilivyo hakika. Kioo huchora mstari kwa penseli; jicho huupitishia wino, kisha likalalamika kwamba mstari umekolea.

Fadhila ya kwanza ya mistari hii ni ukweli. Mapambo yote ya macho hujidai kuwa ndiyo dunia, bali huu mstari mnyonge huungama, mbele ya mteja aliyekwisha kulipa, ya kuwa mbingu hii ilihesabiwa, na aliyeihesabu aliishiwa. Ni wafanyabiashara wangapi wenye insafu ya namna hiyo?

Fadhila ya pili ni uzalendo. Rwanda ni nchi ya ngazi: wakulima wake huzichonga mbavu za milima kuwa matuta yaitwayo amaterasi, ili mvua isichukue udongo, na wageni hushuka garini kuyapiga picha. Mashariki ya nchi, wenye kutengeneza picha ziitwazo imigongo huchukua kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakainua ubaoni mistari yenye pembe kali, myeusi, myeupe na myekundu, wala hajatokea mnunuzi aliyedai kwamba weusi uyeyuke polepole hata uwe weupe. Ikiwa mlima husifiwa kwa kuwa na ngazi, na ubao husifiwa kwa kuwa na mistari, mbingu imekosa nini hata itukanwe kwa vyote viwili?

Fadhila ya tatu, na ndiyo kubwa, ni ualimu. Mpwa wangu, ambaye shuleni hesabu ilimpita kama basi lisilosimama, alifundishwa na mistari hii yale ambayo kiboko kilishindwa. Mwanzo alifanya afanyalo kila mjinga mwenye bidii: alizisugua lenzi kwa shati, akaongeza mkwaruzo mmoja. Pili alimlaani aliyemwuzia. Tatu, laana ilipokosa manufaa, alianza kutumia akili. Aliitazama picha ile ile katika kioo cha kompyuta, akaona anga ni takriban laini, akajua kuwa picha haina hatia. Kisha aliihamishia picha ndani ya miwani yenyewe, akaitazama pasipo kuirusha hewani, na sehemu kubwa ya mistari ikatoweka. Hapo mshitakiwa akajulikana: ni njia.

Kwani picha irushwayo hewani haina budi kubanwa, na mbanaji wake ni kama mchukuzi wa sokoni aliyeambiwa aingize mzigo wote katika kikapu kimoja: huokoa vyenye makelele, nyuso na kingo za vitu, akatupa tofauti nyororo za gizani, akidhani hakuna atakayeziulizia. Mpwa wangu alikipanua kikapu kutoka megabiti 30 kwa sekunde hadi 150. Akaibadili njia ya kubana kutoka biti 8 hadi biti 10, ambazo zina daraja 1,024. Akagundua pia ya kuwa kompyuta ilikuwa ikituma nuru kuanzia 16 hadi 235, kwa desturi ya televisheni, ilhali miwani ilingoja kuanzia 0 hadi 255, na hivyo daraja 36 zilikuwa hazifiki kamwe, akazipatanisha. Kila dawa aliijaribu peke yake, akaandika katika daftari kilichobadilika kabla ya kujaribu nyingine. Daftari hilo ninalo, na ni la kwanza aliloliandika bila kuamrishwa.

Mabaki ya mistari yaliyakataa matibabu hayo yote, kwa maana kioo chenyewe ni cha biti 8, na mtungi haupokei zaidi ya ujazo wake. Dawa ya mwisho ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote: vumbi. Mwaka 1962 Lawrence Roberts, aliyesomea MIT huko Marekani, na ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa ARPANET, mzazi wa intaneti, alionyesha kwamba picha ikinyunyiziwa chenga za kubahatisha kabla ya kupunguziwa daraja, mistari huvunjika. Mpaka ulionyooka husambaratika ukawa punje, na jicho, lile lile lililoupitishia wino, huzichanganya punje hizo likaona mteremko. Uchafu kidogo husafisha. Sisi wa Mbugangari, tunaolifagia vumbi jeusi la mawe ya volkano kila alfajiri pasipo kulishinda, tulikuwa na dawa hii miguuni siku zote, wala hakuna aliyetuuliza.

Hivi sasa mbingu ya mpwa wangu haina kiraka, na bei ni ile ile. Lakini nimeona jambo moja, na kwa ajili yake nimeishika kalamu. Katika siku za mistari, kila aliyevua miwani aligeuza uso kaskazini kulinganisha, kwa maana volkano ya kweli, Nyiragongo, iko huko, kiasi cha kilomita 20: mlima uliopeleka lava hadi katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, ukapasuka tena tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yakazichana kuta za nyumba za wilaya yetu ya Rubavu. Watu walisimama hapo barazani wakabishana rangi yake, wazee wakasimulia, watoto wakasikiliza. Tangu ila ilipoponywa, mteja huvua miwani, hushukuru, hushika njia yake.

Basi, ewe msomaji, ukikutana na miwani yenye mistari, iponye ukipenda, nami nimekutajia utaratibu. Ila kwanza itazame vyema, kisha utoke nje. Usiku mlima unapowaka, wekundu wake hupanda mawinguni bila ngazi hata moja, na kuutazama hakulipiwi faranga.