Heko, Kiwavijeshi!

Watu wa Kiminini, huku Trans Nzoia, hawana uchoyo wa sifa. Ng'ombe wa maziwa husifiwa, mbegu mpya husifiwa, hata mwanasiasa aliyeleta gunia moja la mbolea hupigiwa vigelegele. Ila kiwavijeshi vamizi, mkulima mwenzao asiyekosa msimu, hajapigiwa hata kofi moja. Leo nalipa deni hilo.

Kwanza, ni msafiri. Kwao ni Amerika. Mwingereza James Edward Smith alimpa jina la kitaalamu mwaka 1797. Mwaka 2016 alionekana Afrika Magharibi, na mwaka 2017 akabisha hodi magharibi mwa Kenya, hana viza wala mwaliko. Nondo wake, kijivujivu asiyetiliwa shaka hata akizunguka taa, huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Nanyi mnaongoja matatu ijae!

Pili, ni mzazi. Jike hutaga mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja, akayafunika kwa manyoya ya mwili wake mwenyewe. Hufa akiwa ameacha zaidi ya 1,000. Watoto wake hawapelekani mahakamani kwa ajili ya shamba: wakibanana ndani ya mmea mmoja, mkubwa humla mdogo, kesi ikaisha.

Tatu, ni mkaguzi. Wapo wanaokagua mahindi wakiwa barabarani, kioo cha gari kimepandishwa. Yeye huingia hadi moyoni mwa mmea, hutoboa majani matundu ya safu, kisha huacha stakabadhi mlangoni: kinyesi kama unga wa mbao. Kitambulisho pia anacho: Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia. Wachuuzi wangapi wa dawa wanaweza kuonyesha chao?

Nne, ni mwalimu. Mkulima aliyezoea kupanda Machi na kumwachia Mungu, sasa huinama alfajiri, hupanua majani kwa vidole, akamminya mmoja mmoja au akamwagia majivu na mchanga. Anayebeba pampu saa sita mchana hufeli mtihani: kiwavi yumo ndani, amejiziba kwa kinyesi chake, na dawa inakaukia juu ya jani.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu hatukumpa, na hakulihitaji. Katika Trans Nzoia nzima, ndiye peke yake anayekula mahindi bila kuuliza bei ya mbolea wala kungoja bei ya gunia.