Sifa za Bwana Usingizi wa Mchana

Wapo waliosifiwa kwa vita na wapo waliosifiwa kwa mali. Leo zamu ni ya Bwana Usingizi wa Mchana, mheshimiwa ambaye hajawahi kuandikiwa hata barua ya shukrani, ilhali hakuna ofisi, darasa wala daladala asimopata kiti.

Tuanze na uadilifu wake. Hajali cheo wala hapokei rushwa. Humchukua mlinzi getini na mheshimiwa mbele ya kamera. Mwenyekiti anaposoma taarifa ya fedha, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tazama mkono wa mhasibu kikaoni, saa nane mchana: neno la kwanza limeandikwa sawasawa, la pili limepinda, la tatu limekuwa mstari unaoteremka hadi nje ya karatasi. Kichwa kinainama, kinainuka, kinainama tena. Mwenyekiti anaona hoja zake zimeungwa mkono, anaongeza nusu saa.

Nasaba yake nayo si haba. Tawi moja la ukoo limetokea kooni. Mtu amelala, misuli ya koo imelegea, njia ya hewa imeziba. Kwa sekunde kumi au zaidi hapumui. Kisha ubongo unamgutusha, anakoroma kwa kishindo na kurudi usingizini bila kujua kwamba aliamka. Kwa waliozidiwa, hayo hutokea zaidi ya mara 30 kwa saa. Asubuhi mtu anaapa kwamba alilala fofofo. Ni mwizi gani mwingine anayekomba usiku mzima wa mtu, na mwenye mali akamtolea ushahidi kwamba hakuibiwa?

Tawi la pili ni nakolepsia, jina lililotolewa na daktari Mfaransa, Gélineau, mwaka 1880. Mwaka 1998 watafiti walitangaza kugundua oreksini, kemikali ya ubongo inayotusaidia kukaa macho. Wengi wenye nakolepsia seli zinazoitengeneza zimekwisha. Baadhi yao wakichekeshwa magoti hulegea na huanguka chini, akili zikiwa timamu. Majirani, kwa busara zao, huuliza nani kamroga. Binamu wa matawi haya, malale, anayeletwa na mbung'o, humlaza mtu mchana na kumkeshesha usiku. Huyo asipotibiwa huua, kwa hiyo hakualikwa kwenye sherehe hii.

Lakini kipaji kikubwa cha Bwana ni kukwepa lawama. Mwanafunzi akisinzia, fimbo ni za mwanafunzi. Karani akisinzia, barua ya onyo ni ya karani. Mke huitwa mvivu, kijana huambiwa apunguze simu. Bwana mwenyewe hajawahi kuitwa kujieleza. Kila anapokaribia kutajwa, hutanguliza neno uvivu, na uchunguzi unaishia hapo.

Maadui humrushia kahawa. Wanahangaika bure. Tunapokaa macho, adenosini hujikusanya ubongoni na kutuletea ule uzito wa kope. Kafeini huizuia isifanye kazi, haiiondoi. Bwana husubiri mlangoni hadi nguvu ya kikombe iishe, kisha huingia kudai malimbikizo yake yote.

Ukarimu wake hufikia kilele barabarani. Basi likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva akisinzia sekunde nne tu, gari limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe. Wala abiria hawaachwi nyuma: mchuma janga hula na wa kwao.

Pamoja na sifa hizi, wapo wanaomfanyia fitina. Murray Johns, daktari wa Melbourne, alichapisha mwaka 1991 maswali manane. Je, husinzia ukisoma? Ukiwa abiria kwa saa nzima? Ukizungumza na mtu? Ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye foleni? Swali hili la mwisho halikutungwa Dar es Salaam, maana foleni ya dakika chache huku hatuijui. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ikipita 10, usingizi huo umezidi na mtu anapaswa kumwona daktari. Miaka kumi kabla ya hapo, Colin Sullivan wa Sydney alikwishaonyesha kwamba hewa ikisukumwa puani kwa mashine usiku kucha, koo halizibi. Fitina tupu!

Basi wafuasi wa Bwana, shikeni msimamo. Maswali manane msiyajibu. Mkiulizwa kuhusu kukoroma, semeni ni uchovu wa kazi. Zaidi ya yote, msimuulize anayelala nanyi kitanda kimoja usiku ulikwendaje. Huyo ndiye aliyekaa macho akisubiri pumzi yenu irudi, na siku atakayofuatana nanyi kwa daktari na kusema aliyoyasikia, Bwana atakuwa hana kazi.